Bafu la Mbelgiji na Kilima cha Mtandao

Uzuri wa Bukavu umegawanywa bila haki. Wanaokaa kwenye zile rasi za chini, La Botte, Muhumba na Nguba, wameulalia, lakini wakifungua dirisha la nyuma wanachokiona ni sisi: mabati ya Kadutu, udongo mwekundu, nguo za watu zimeanikwa. Sisi wa Kadutu, tunaopanga vyumba viwili ambamo mwavuli ni sehemu ya samani, tunaamka na ziwa Kivu lote mbele yetu, rasi zimeingia majini, milima ya Rwanda ng'ambo, wavuvi wa sambaza wanarudi na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu. Na hatutozwi faranga. Niliwahi kumwambia mke wangu kwamba sisi tuna mandhari ya kitajiri. Akanijibu kwamba mandhari haizibi paa.

Kadutu imejengwa juu ya mteremko, na mteremko una sheria zake. Paa la jirani wa chini liko sawa na kizingiti chetu. Kizingiti cha jirani wa juu kiko sawa na paa letu. Ukitaka kujua nani leo kala samaki huna haja ya kuuliza, subiri maji ya kuoshea sufuria yapite mlangoni. Mpira wa mtoto ukiponyoka unautafuta kwa watu wa chini, na mara nyingi unakuta umeshapata mwenyewe. Tuliishi hivyo kwa amani mpaka usiku mmoja wa mvua kubwa, mwezi wa Novemba, ambapo jiko la jirani wa juu, na ukuta wake, na kuni zake, liliteremka lote kwa pamoja likasimama kibarazani kwetu. Si kila jiko hushuka kwa adabu hiyo; kila msimu wa mvua kuna mtaa unaolia. Letu halikumuumiza mtu, namshukuru Mungu. Sufuria ilifika wima, kifuniko juu, maharagi ndani bado ya moto. Muda kidogo baadaye mwenye jiko naye akateremka na tochi, akatupa pole, halafu akauliza kwa upole kama hatujaiona sufuria yake.

Mke wangu alimpa, na kifuniko chake. Kisha akafunga mlango, akanigeukia.

“Papa, tunahama.”

Kuhama ni neno jepesi. Swali ni wapi, na hapo ndipo tulipogundua kwamba kwa miaka yote ya ndoa kila mmoja wetu alikuwa na nyumba yake kichwani na hakuwahi kumwonyesha mwenzake.

Ya kwangu ilikuwa mjini chini. Nina meza ya fotokopi kwenye Avenue Patrice Emery Lumumba, na kila siku nikiteremka kazini napita mbele ya nyumba walizoacha Wabelgiji: zile zenye kona za mviringo, madirisha ya duara ya kimeli, ngazi za mawe, na bomba la moshi juu ya paa kwa sababu hapa tuko mita karibu 1,500 juu ya bahari na jioni ya Julai inataka moto. Mji waliuanzisha mwaka 1901. Mwaka 1927 wakaupa jina la Costermansville, kwa heshima ya ofisa wao, na jina hilo likakaa mpaka miaka ya 1950. Wazungu walijipa ukingo wa ziwa. Waafrika walipewa Kadutu, na baadaye Bagira, ambako nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka mpaka mlevi akawa hajui yake ni ipi. Babu yangu alikuwa mpishi wa bwana mmoja mwenye mashamba ya kwinini. Mchana alitembea sebuleni peku juu ya mbao zilizong'arishwa kwa nta. Usiku alilala kwenye boyeri, kile chumba cha mtumishi nyuma ya villa. Kwa hiyo mimi nilikuwa na deni na zile nyumba. Nilitaka kuingia kwa mlango wa mbele.

Ya mke wangu ilikuwa kijijini. Yeye ni mzaliwa wa Bagira, na watu wa Bagira wanakipenda sana kijiji, kwa kukitazama kutoka Bagira. Alitaka kimya, migomba, mashanza ya maziwa ya ng'ombe anayemfahamu kwa sura, na watoto wanaocheza mpira mahali ambapo mpira hukaa. Na tulikuwa na pa kwenda. Baba mdogo, ambaye anaishi kati ya Miti na Katana, ana nyumba ya matofali aliyomjengea mwanawe aliye Kinshasa. Huyo mwana hatarudi, kila mtu anajua, ila baba mdogo hapaswi kuambiwa. “Njooni mukae,” alikuwa akitwambia kila Krismasi. “Nyumba inaliwa na panya bure.”

Tukakubaliana tuone kwanza ya mjini, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na namba ya komisyoneri.

Komisyoneri wa Bukavu hana ofisi. Ana simu mbili na viatu vinavyong'aa hata siku ya matope, siri ambayo sijaipata hadi leo. Unamlipa kwanza pesa ya kuonyeshwa nyumba, upende usipende. Ukiipanga, anachukua tena kodi ya mwezi mzima. Maana yake ni kwamba ana faida ya kukuonyesha kwanza nyumba ambazo mtu mwenye akili hawezi kuzipanga, na wetu aliifahamu kazi yake. Alitupeleka kwenye nyumba ambayo ilikuwa imeshachukuliwa na shirika. Akatupeleka kwenye nyingine yenye “kuangalia ziwa”, ambamo ziwa lilionekana kweli, ukipanda juu ya choo. Mwishowe, nilipokwisha kuchoka na pesa za kuonyeshwa zimeanza kulingana na kodi, akatufikisha Muhumba, mbele ya villa yenyewe. Rangi ilikuwa imebanduka, lakini kona za mviringo zilikuwepo. Dirisha la duara lilikuwepo. Nikajisikia mrithi.

“Papa, hii haiko nyumba ya juzi,” komisyoneri akasema. “Hii iko na historia.”

Akaanza kunionyesha historia yenyewe. Ilikuwa matundu ukutani.

“Hii ni ya Schramme.” Tundu pana, chini ya dirisha la duara. Jean Schramme, mamluki wa Kibelgiji, aliushika mji huu na watu wake kuanzia Agosti mpaka Novemba 1967, na alipotoka hakukuwa na mengi ya kushika. “Hii na hii ni 1996.” Matundu mawili jirani, karibu na bomba la maji ya mvua. “Hii ni 2004, mwezi wa sita.” Aliyataja kwa sauti ileile aliyotumia kutaja stoo na kabati la ukutani. Nikamwuliza lile dogo kando ya mlango. Akainama, akaingiza ncha ya kidole, akafikiri.

“Hii ni ya musumari,” akasema, na nikaona amehuzunika kidogo.

Hayo yalikuwa kabla ya Februari 2025, mji ulipobadilisha mikono tena. Sijapita kuangalia kama ana la kuongeza.

Mlango wa mbele, ule niliokuja kwa ajili yake, haukuwa wetu. Villa ilikuwa imegawanywa nyumba nne. Sebule yenye mahali pa moto ilikuwa na familia moja. Vyumba vya kulala vilikuwa na nyingine mbili, zilizotenganishwa kwa ukuta wa mbao uliokata dari ya mapambo katikati ya ua la plasta. Tulizunguka nyuma. Sehemu tuliyoonyeshwa ilikuwa stoo ya zamani, ujia mrefu, bafu, na boyeri. Nilisimama mlangoni mwa ile boyeri nikapima kwa macho. Kitanda kingeingia, mradi mwenye kulala aingie kwa upande wa miguu.

Lakini bafu! Hodhi kubwa la chuma lenye enameli nyeupe, limesimama juu ya kucha nne za shaba, pana kiasi cha mtu kulala humo akafikiria mashamba yake ya kwinini. Lilikuwa limejaa maji mpaka ukingoni, na bakuli la plastiki linaelea juu. Mama aliyekuwa anahama alikuwa amekaa pembeni juu ya bidoni la njano, macho mekundu.

“Mama, maji iko?” mke wangu akamwuliza. Hilo ndilo swali la kwanza la kila nyumba ya Bukavu. Mambo ya madirisha yanakuja nyuma.

“Maji iko,” akajibu. “Ni usingizi njo haiko.”

Akatueleza. Koki zote za nyumba zilikauka zamani, isipokuwa ya bafu, kwa kuwa bomba lake ndilo lililo chini kuliko mengine. Maji yanafika saa nane za usiku, siku yanapoamua. Yakifika, bomba linanguruma, na mngurumo huo unasikika katika nyumba zote nne. “Maji inakuyaka, na majirani banakuyaka naye.” Wanakuja na mabidoni, mabeseni, na watoto wa kushika taa. Wanapita ujiani, yaani katikati ya chumba chako cha kulala, wakikusalimia mmoja mmoja kwa sababu ni watu wenye adabu, na wewe unajibu mmoja mmoja kwa sababu nawe una adabu. Mzee wa sebuleni ana tabia ya kukaa kidogo kwenye ukingo wa kitanda akisubiri zamu, na kuuliza habari za wazazi. Mtoto mmoja aliwahi kusahau koki wazi siku ya ukame. Maji yalipokuja usiku yakamkuta mama huyu amelala fofofo kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, na aliamka viatu vya mume wake vinaelekea mlangoni vyenyewe.

Nikaomba kuona mkataba. Mikataba ya nyumba ninaitoa fotokopi kutwa. Nilidhani hakuna kifungu nisichokijua. Huu ulikuwa na kimoja kipya: bafu ni la mpangaji, maji ni ya wote.

Mwanadamu ni kiumbe wa ajabu. Bado niliitaka. Nilijiambia kwamba ningeweka pazia. Nilikuwa nimeleta garanti, ile ya miezi kadhaa inayolipwa kabla ya kuingia, kwa dola, kwa sababu huku kwetu nyumba haijui faranga. Mwenye nyumba akaja, mzee mtaratibu, akavaa miwani akaanza kuzikagua noti moja baada ya nyingine mbele ya lile dirisha la duara. Mtu ambaye hajaishi Kongo ya mashariki hawezi kuamini heshima tunayoipa noti ya dola. Isiwe ya zamani sana, isiwe imeandikwa kwa kalamu, isiwe imekunjwa ikabaki na kovu. Kuna watu wanakaa barabarani na meza ndogo ambao wanaishi kwa kununua dola zilizojeruhiwa, kwa bei ya majeruhi. Mzee akafika noti fulani, akasimama. Akainyanyua kwenye mwanga. Pembeni palikuwa na mpasuko wa upana wa kucha ya mtoto mchanga.

“Hii haipite,” akasema, akanirudishia kwa vidole viwili.

Mke wangu alikuwa amenyamaza tangu kwenye bafu. Akaitazama noti. Akautazama ukuta, kuanzia kwa Schramme mpaka 2004.

“Papa,” akamwambia yule mzee, kwa heshima yote, “ukuta yenu iko na matundu ya vita tatu, munaongeza bei. Dola yetu iko na moja, munakatala?”

Komisyoneri akageuka kuangalia ziwa. Mzee akavua miwani, akaifuta, akasema kwamba tufikiri vizuri, yeye hana haraka, atapiga simu. Tukapanda Kadutu bila kuzungumza. Niliiuza ile noti njiani, kwa bei ya majeruhi.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu ya kijiji.

Njia ya kwenda huko ni ile ya uwanja wa ndege wa Kavumu, kilomita kama 30 kutoka mjini, unapita Mudaka, unafika Miti, ambako barabara nyingine inakatia kushoto kuelekea msitu wa Kahuzi-Biega na gorila wake. Tulishuka kwenye taksi basi tukiwa na nguo za mtu mwingine kwenye magoti yetu na kuku wa mtu mwingine kwenye miguu, tukaanza kutembea. Mikaratusi, migomba, ukungu unapanda kutoka bondeni. Mke wangu akavuta pumzi kwa nguvu, akafunga macho. Sikusema kitu. Kijiji kinachokupokea jioni na kinachokuamsha asubuhi ni viwili tofauti.

Kimya kilikuwepo, baba mdogo hakudanganya. Usiku kilikuwa kingi kiasi kwamba nilipokohoa niliona aibu. Na kweli, alfajiri, kabla jua halijatoka, mama mmoja nisiyemjua alibisha akiwa na kikombe cha majani machungu yaliyochemshwa, kwa ajili ya “mutoto wa mujini mwenye kifua”. Nikanywa. Akaja wa pili na majani mengine, akauliza wa kwanza alinipa nini, akatikisa kichwa. Wa tatu hakuleta dawa. Alikuja kusikia kikohozi chenyewe.

Mke wangu hakuwepo kushuhudia matibabu hayo. Shangazi alikuwa amemwamsha gizani, akamkabidhi jembe kwa upendo, kwa kuwa hakuna mkwe anayekuja kijijini akalala mpaka jua litoke. Walilima mihogo, wakateremka kisimani, wakapanda na maji, wakaenda kuni. Nilimwona akirudi karibu na adhuhuri, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso kama wanawake wote wa huku Bushi wanavyobeba, akipita mbele ya mti ambao chini yake mimi, baba mdogo na wazee wengine tulikuwa tumekaa na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, tukizungumzia utulivu. Hakusimama. Jioni, akipaka mafuta kwenye malengelenge ya viganja, alisema neno moja tu kuhusu habari hiyo: kwamba kimya cha kijiji amekiona, kinakaa chini ya mti, na ni cha wanaume.

Chini ya mti huo ndipo baba mdogo alinifundisha sheria ya ardhi. Lile shamba babu wa babu yetu alilitolea ng'ombe kwa mwami, mtawala wetu wa jadi. Hiyo ndiyo kalinzi, na ardhi ya kalinzi mtu anairithisha. Asiye na ng'ombe anapewa bwasa: analima msimu au miwili, anatoa sehemu ya mavuno au jasho lake, na haruhusiwi kupanda mgomba, kwa sababu mgomba unakaa miaka, na aliyepanda mgomba atakaa nao. Serikali nayo ilitunga sheria mwaka 1973 kwamba ardhi yote ya nchi ni yake. Baba mdogo aliisikia habari hiyo. Anasema Serikali ije, lakini ije na ng'ombe.

“Sasa wewe,” akaniuliza, “huko Kadutu unakaa kwa nini, kalinzi ao bwasa?”

“Napanga, baba.”

“Bwasa,” akawaambia wenzake. “Miaka yote hiyo. Hata mgomba mmoja.”

Simu yangu ikatetemeka mfukoni, ujumbe mmoja, kisha mtandao ukafa. Kijiji kile hakina mtandao wa kudumu ila mahali pamoja: juu ya kilima, kando ya mti mkubwa wa mkaratusi, eneo lisilozidi mkeka mmoja. Nilipofika nilikuta foleni. Watu wanasimama pale mabega kwa mabega, kila mmoja na simu yake, wakipiga kelele kwa sababu mstari ni dhaifu, na wanaosubiri zamu wanasikiliza kwa sababu hawana kazi nyingine. Kwa muda niliosubiri nilijua nani anadaiwa mbuzi, binti wa nani amefukuzwa shule kwa ajili ya minervali, yaani karo, na kijana gani wa Katana anayeahidi wasichana wawili safari moja ya Goma. Hakuna aliyeona haya. Nafikiri ndiyo sababu huko watu wanaibiana kidogo. Hakuna pa kupangia.

Zamu yangu ikafika, nikapiga. Alikuwa komisyoneri. Mwenye nyumba amekubali, akasema, tena amepunguza. Sikumsikia. Akarudia. Nikamwuliza kwa sauti ya kufika Kavumu: “Ngapi? Dola ngapi kwa mwezi?” Akataja. Nami, ili nihakikishe, nikairudia ile bei kwa nguvu zote, nikaongeza na miezi ya garanti.

Kimya kilichofuata pale kilimani kilikuwa cha kweli. Hata aliyekuwa anadaiwa mbuzi alikata simu.

Nilishuka taratibu, nikijikwaa. Sikuwahi kushindana mbio na habari, na siku ile nilijua kwa nini. Nilipofika chini ya mti baba mdogo alikuwa ameshaweka kibuyu pembeni.

“Dola hizo zote,” akasema, “kwa boyeri?”

Sikumwambia kwamba ni boyeri. Sijui kilimani walilipataje hilo.

“Baba yetu alilala ndani ya boyeri ya Muzungu bure. Alilipwa kulala. Alifanya kazi mpaka akatoka mule, akanunua ng'ombe. Sasa wewe mujukuu wake unataka kurudi ndani, na ni wewe unalipa?”

Wazee wakaguna. Nilitafuta jibu kuhusu kona za mviringo. Halikuja.

Baadaye, tukibaki wawili, alibadili sauti. Akanikumbusha 1996, mimi nikiwa mtoto, mji ulipoanguka mwishoni mwa Oktoba na sisi tukakimbilia kwake kwa miguu, na yeye akatulaza wote katika chumba kimoja. Akanikumbusha miaka iliyofuata, bunduki zilipohamia vijijini, na yeye na shangazi na mbuzi mmoja wakalala kwetu Kadutu msimu mzima, paa likivuja na hakuna aliyelalamika. Hesabu hiyo kila ukoo wa Bukavu unaijua. Mji ukiwaka unakimbilia kijijini. Kijiji kikiwaka unakimbilia mjini. Na ole wake ukoo ambao wote wamekaa upande mmoja kwa sababu hewa ni nzuri. Watu wa nchi nyingine, nasikia, wanachagua pa kuishi kwa kuangalia shule, bei na majirani. Sisi tunagawana, mmoja hapa, mmoja kule. Baba mdogo hakuwahi kulisema hivyo. Alisema tu kwamba Kadutu ni karibu na soko, na kwamba paa ni misumari na bati mbili tatu.

Na si watu tu wasiochagua pa kuishi: hata sambaza tunaowaita wa kwetu ni wageni. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakawekwa Kivu bila kuulizwa wanapenda ziwa lipi. Wamenenepa vizuri tu.

Tulirudi Jumapili. Kwenye taksi basi mke wangu alilala begani kwangu viganja vikiwa wazi, na alipoamka Mudaka akauliza jirani wa juu ameshaanza kujenga jiko lake wapi. Nikamwambia nimeona ameanza kuchimba upande mwingine, juu ya nyumba ya yule shemasi. Akafikiri.

“Shemasi anaomba sana,” akasema. “Litamfaa.”

Bati tumeweka mpya. Villa ya Muhumba ilipata mpangaji, kijana asiye na familia, ambaye komisyoneri ananiambia kwamba ameacha kazi ya mchana na sasa anauza maji usiku; ndiye wa kwanza kuona biashara mahali ambapo sisi wengine tuliona bafu.

Niliyedhani nimemalizana naye ni baba mdogo. Kumbe ile bei niliyoipigia kelele kilimani haikushuka na upepo. Mwezi uliopita alinipigia, kutoka palepale, naweza kujua kwa ule ugomvi wa mbuzi nyuma yake. Amepata mtu. Bwana mmoja wa shirika fulani mjini, amechoka na makelele, anatafuta nyumba ya kupumzikia mwisho wa juma, mahali penye kimya. Ameonyeshwa ile ya mwanawe wa Kinshasa. Amelipa pesa ya kuonyeshwa.

“Baba, nani alikufundisha pesa ya kuonyeshwa?”

“Andika,” akasema. Alitaka mkataba, uchapwe vizuri kwenye mashine yangu, nakala mbili. Kodi kwa dola. Garanti ya miezi mitatu. Kisima ni cha wote. Mpangaji akikohoa asikatae dawa. Noti ziwe safi, bila tundu, hata la musumari. Akavuta pumzi, nikasikia watu nyuma yake wakimkumbusha jambo, akakubali.

“Na uandike kwa herufi kubwa: haruhusiwi kupanda migomba.”

Nikaandika. Akaniuliza fotokopi ni bei gani. Nikamtajia bei ya kila mtu, nikamwambia kwamba kwake yeye nitapunguza kidogo. Akakaa kimya. Sauti nyingine kabisa, ya mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu, ikaja juu ya mstari ikimwambia asikubali, huko Kavumu wanafanya kwa nusu.